Asubuhi Aliyobarikiwa Kiprono

Wenzangu wakisikia harufu ya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, mate huwatoka. Mimi nasikia kuchoka tu. Narudi utotoni, Olenguruone, baridi ya milima ya Mau inaniuma masikio, na mama anamfunga ndugu yangu Kiprono mgongoni.

Kiprono alizaliwa mdomo wa juu umepasuka hadi puani, na ndani, juu ya ulimi, palikuwa na tundu. Kila alichokunywa, nusu ilirudi kupitia pua. Mama alimlisha kwa kijiko, polepole, mpaka chai yake mwenyewe ikapoa, nami nikishika kitambaa cha kumpangusa. Majirani walisema ni kwa sababu mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Mama yetu! Mtu ambaye hata kwenye arusi alitabasamu kwa shida.

Ilipotangazwa kanisani kwamba madaktari wageni wanashona watoto kama yeye bure, katika hospitali moja ya Nakuru, tulianza safari. Tukarudishwa. Mara mtoto ana kikohozi, mara hajafikisha uzito. Subira huvuta heri, watu walituambia. Mimi niliona inatuvuta miguu tu. Hatimaye akakubaliwa, apelekwe siku ya mwisho kabla ya wale madaktari kurudi kwao. Wangekuja tena baada ya mwaka, na Kiprono alikuwa karibu kuanza shule, anaongea maneno ambayo mama na mimi tu ndio tulioyaelewa. Sharti lilikuwa moja: tangu jioni asile, asinywe.

Lakini kwetu mtu haendi kwenye jambo zito bila maziwa. Alfajiri, mama akiwa ndani anafunga mkoba, Kogo, nyanya yetu, alimwita Kiprono nje. Akamnyunyizia mursik kifuani, akamwombea, kisha akamwekea kibuyu mdomoni. Mtoto alikuwa na njaa, akanywa. Niliona. Mama alipotoka akaona pia: maziwa yalikuwa yakimtoka puani, na vitone vyeusi vya makaa. Alimpangusa. Lori la viazi lilikuwa linatungoja barabarani.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi hadi kiuno kikafa ganzi. Kiprono alishavishwa gauni la kijani, likiburuta chini, akawa kama kasisi mdogo. Muuguzi akaja, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole.

"Mama, huyu hajakula kitu tangu jana, sivyo?"

Jibu lilikuwa limeshatafunwa. Kazi yetu ilikuwa kumeza tu. Nikamgusa mama kwa kiwiko. Sema hajakula, mama. Sema tu.

"Amekunywa mursik, sista. Nyanya yake alimpa asubuhi."

"Woi, mama! Kwa nini sasa?"

"Alikuwa anambariki."

Muuguzi alifumba macho kidogo. Kisha akapiga magoti, akamvua Kiprono lile gauni, na muda si muda likavishwa mtoto mwingine.

Haki ya Mungu, nilimchukia mama siku ile. Tuliporudi Kogo alikuwa langoni, amejifunga leso yake ya Jumapili. Akamshika Kiprono kidevu, akautazama mdomo uleule.

"Wagonjwa walikuwa wengi," mama akamwambia. "Tumeambiwa turudi."

"Si kitu," Kogo akajibu. "Baraka haziozi."

Nilitaka kupasuka. Kumbe mama uongo anaujua!

Kiprono alianza shule vilevile, akaitwa majina ambayo sitayaandika. Mwaka uliofuata akashonwa. Leo anauza mbegu Rongai na hanyamazi hata akitafuna. Kogo alishatutoka, akiamini maziwa yake ndiyo yaliyofungua njia.

Juzijuzi nilimpeleka binti yangu kufanyiwa upasuaji wa ngiri, mjini Nakuru. Muuguzi akaniuliza swali lile lile, nami nikamuuliza kwa nini. Akanieleza bila haraka: mtoto akilazwa kwa dawa ya usingizi na maziwa tumboni, maziwa yanaweza kupanda, yakaingia kwenye mapafu. Anaweza kufa pale pale mezani.

Nilitoka nje, nikampigia mama simu.

"Mama, siku ile ya Kiprono, ulijua angeweza kufa?"

"Sikujua, mwanangu. Nani alituambia?"

"Basi kwa nini hukusema hajakula?"

"Nilikuwa nimechoka. Hata uongo unataka nguvu, na mimi nilikuwa na nguvu za uongo mmoja tu. Huo nilimwekea nyanya yako."