Dawa Aliyopewa Wifi

Fundi cherehani hakumwonea wifi yake wivu kwa uzuri, wala kwa nyumba, wala kwa watoto. Alimwonea wivu kwa majani ya mpera. Cheka ukitaka, lakini wivu huo ulimkaa rohoni miaka kumi na mmoja na haukupoa hata siku moja.

Enzi za uhai wake, mama yake fundi ndiye aliyekuwa akiitwa mtaa mzima ng'ombe akizaa na kizazi kikamtoka nje. Alikuwa na dawa yake na namna yake. Basi uzee ulipomwingia, unadhani alimfundisha nani? Bintiye wa kumzaa? Thubutu! Alimfundisha mke wa mwanawe, mtu wa kuja, aliyeingia nyumba ile hata kukama hajui. Mama alipofariki, watu wakampachika wifi jina: Mkono wa Mama. Fundi alipolisikia mara ya kwanza alijichoma sindano kidoleni. Mama ni wa nani, jamani?

Lakini hakukaa bure. Kila wifi alipochemsha dawa, fundi alizuka jikoni kuomba chumvi, na kwake chumvi imejaa kopo. Akayajua yote: majani ya mpera yachemke mpaka maji yawe mekundu kama chai ya rangi, yachujwe, yapoe, kizazi kioshwe nayo, kinyunyiziwe sukari kisinyae, kisha kirudishwe. Kumbe ndiyo haya tu, akajisemea. Akawa anasubiri zamu yake.

Zamu ikaja asubuhi moja, kwa ng'ombe wake mwenyewe, huyo mmoja ambaye ndiye kitu pekee alichoachiwa na mama. Ndama alitoka salama. Nyuma yake kikafuata kizazi, kizito, chekundu, kikaning'inia karibu na magoti. Bwana mifugo alipopigiwa simu alisema yuko mbali, atafika mchana, wakifunike kisikauke. Mume wa fundi akashauri aitwe wifi, ambaye nyumba zao zimetenganishwa na ukuta mmoja. Fundi alimkata jicho, mume akanywea.

Fundi alitandika chini ya kizazi kitambaa kipya cha pazia la mteja. Akachemsha, akachuja, akapoza, akaosha, akamwaga sukari, na kweli kizazi kikasinyaa. Leo wataniita nani, aliwaza. Akaanza kukirudisha ndani. Ng'ombe akasukuma. Fundi akakaza mikono, akasukuma zaidi. Ng'ombe naye akazidisha. Wakashindana hivyo mpaka jasho likamwingia fundi machoni, na kila kilichoingia kilitoka tena, sasa kikivuja damu. Mwishowe ng'ombe alijilaza chini. Fundi alimshika masikio, akayakuta ya baridi.

Hapo ndipo woga ulipouzidi wivu. Akamwambia mumewe, bila kumtazama, "Kamwite."

Wifi alikuja mikono ya gauni ameshaikunja. Hakuuliza habari za majani. Alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, akaagiza magunia ya nyasi yasukumwe chini ya kiuno cha ng'ombe ili nyuma kuinuke, kisha akakunja ngumi. Sasa akafanya jambo ambalo mwomba chumvi asingeliona kule jikoni. Ng'ombe aliposukuma, wifi alitulia, ameshikilia tu. Ng'ombe alipovuta pumzi, akasogeza kidogo. Akisukuma tena, anatulia tena.

Fundi hakuweza kuvumilia. "Wifi, mama alininyima dawa hii kwa nini?"

Wifi hakuinua uso. "Hakukunyima dawa. Majani ya mpera nani asiyeyajua? Alisema ng'ombe akisukuma, na wewe utasukuma."

Heri angemtukana. Na ng'ombe aliyelala pale alikuwa shahidi tosha.

"Lete mkono," wifi akasema. Akauweka wa fundi mbele, wake juu yake. "Tulia. Tulia kwanza. Haya, sasa."

Kikaingia chote. Baada ya muda ng'ombe alijikongoja akasimama, akaanza kumlamba ndama.

Mchana bwana mifugo alifika, akapiga sindano na kushona nyuzi mbili za kuzuia kizazi kisitoke tena. Majirani walikuwa wamejaa uani. Akauliza ni nani aliyekirudisha vizuri namna ile, naye fundi akajiandaa kulisikia lile jina. Wifi, akiwa anaosha ndoo, akamjibu kwamba ni mwenye ng'ombe mwenyewe, yeye alisaidia kushika tu.

Wakamgeukia fundi kwa hongera na vigelegele. Akazipokea zote, meno yote nje, huku ndani anaungua. Hata kwa wema, yule mwanamke alikuwa amemzidi.