Udongo wa Profesa

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, watu humwita Profesa. Shule aliiacha akiwa bado anahesabia vidole, lakini aliwahi kukaa siku tatu kwenye semina ya hifadhi ya ardhi, akarudi na kofia na cheti. Cheti kinaning'inia sebuleni, juu ya televisheni isiyowaka. Mimi kusoma sijui, kwa hiyo hunisomea kila nikienda, hata kama nimefuata chumvi tu.

Udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, akachukua shamba la mteremkoni. Hilo mimi na mume wangu tulilipanga mistari ya mawe miaka kumi na moja, maana kisiwa chetu ni kidogo, na udongo ukishafika baharini haurudi. Mimi akanigawia korongo lililo chini yake.

"Shemeji, wewe ni mtu mmoja, litakutosha," alisema mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Korongo ambalo hata mbuzi hapiti mara mbili!

Kisha msomi wetu akang'oa mawe yetu, akajengea kibaraza. Alipotaka kuchimba mitaro, nilimpelekea pembetatu ya fito ya mume wangu, yenye jiwe linaloning'inia kwa uzi, ya kupimia usawa ili mtaro uukate mteremko kwa upana. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hiyo kaanikie nguo, shemeji. Wageni wa serikali watapita barabarani, lazima waone mitaro imenyooka."

Akavuta kamba toka juu hadi chini, akachimba mitaro kumi iliyonyooka kama rula. Wageni walipiga picha bila kushuka garini. Basi, akawa mkulima wa mfano.

Mimi nikaliziba korongo kwa kuta za mawe, moja baada ya nyingine, mpaka magoti yakachubuka.

"Mama, ngazi hiyo inakwenda wapi?" wapita njia walinidhihaki.

Mvua kubwa zilipokuja, mitaro yake ikawa mifereji. Kulipopambazuka shamba la mfano lilikuwa mbavu tupu, na nyuma ya kuta zangu umejaa udongo mweusi, mkono unazama hadi kiwiko. Siku hiyohiyo nikaanza kupanda viazi, kutoka ukuta wa chini.

Profesa akaja na mwenyekiti, cheti kwapani.

"Udongo huu ni wangu. Na palipo udongo wangu, ni shamba langu."

Sina pengine pa kulima.

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Korongo ulimpa mwenyewe, nikiwepo. Udongo kama ni wako, beba."

"Abebe tu," nikasema. "Viazi vyangu asivikanyage, aanzie ukuta wa juu. Na kama hana ndoo, nitamwazima."

Siku nne mkulima wa mfano alipanda kilima na ndoo kichwani, kofia ya semina ameikunja ngata. Kila ndoo aliimwaga kati ya mitaro yake ileile. Siku ya tano ikanyesha, ukanirudia wote.

Hajawahi kuniuliza kwa nini. Na mimi, nisiyejua kusoma, nimfundishe nini Profesa? Kuta zangu zimeshajaa. Pembetatu ya fito iko uani, naanikia nguo.