Asubuhi Ndege Ilipokataa Kuamka na Mama Yumo Ndani

Umewahi kuona ndege imekufa?

Sisemi imeanguka. Imesimama tu pale, inang'aa, mafuta yamejaa, na imekufa.

Mimi ni rubani. Narusha kindege cha injini moja, viti vinne. Miaka yote hiyo mama yangu mzazi hajawahi kukipanda. "Mwanangu, miguu yangu ni ya ardhini," ndiyo jibu lake.

Sasa mdogo wangu wa kike kajifungua mapacha ng'ambo ya milima, na mvua imekata barabara. Mama akajishauri weee, mwisho akasema, "Haya. Nipeleke."

Jamani! Nililala na tabasamu.

Asubuhi mama kakaa kiti cha mbele, mkoba kaukumbatia kifuani. Nikawasha swichi kuu.

Kimya. Hata taa moja haikuwaka.

"Ndiyo tumeshaanza?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Nikamwita fundi wetu. Jina lake la kazini ni Polepole, maana hata mvua ikimnyeshea hakimbii. Akapima betri, akanitazama juu ya miwani.

"Swichi kuu imeachwa imewashwa tangu jana. Betri imenyonywa yote."

"Nilizima mimi mwenyewe, kwa mkono huu!"

"Basi ndege imejiwasha."

Nikamsihi. "Tuiamshe kwa betri ya gari, fundi. Injini ikishawaka, itajichaji huko huko angani."

"Thubutu! Betri iliyoisha kabisa haijazwi kwa pupa. Naitoa, naichaji taratibu, halafu naipima kama inatunza chaji. Jenereta ikigoma juu ya milima, redio yako itategemea betri. Utaruka na mama yako huku umebeba maiti?"

Nikajua safari ndiyo basi tena, mama akirudi nyumbani harudi hapa.

Wapi! Mama kashuka, kavuta kiti karibu na chaja. "Nitasubiri," akasema, huku anaiangalia ile betri kama mgonjwa wake.

Kesho yake Polepole akaja anatikisa kichwa.

"Imejaa, lakini nikiipa mzigo, yaani nikiitumikisha, inazimia mapema. Hii imechoka zamani. Ilikuwa na nguvu za kuwasha injini tu, ikakudanganya kuwa ni nzima. Isingeisha juzi, mngeruka nayo hivyo hivyo."

Akafunga mpya, tukapaa.

Mama alifumba macho mpaka mawinguni. Akafumbua moja. Akafumbua la pili. Akaanza kucheka peke yake.

"Mwanangu, nikikwambia kitu utanishusha?"

"Huku juu nitakushushia wapi, mama?"

"Juzi jioni tulipoleta mizigo, wewe ukawa kwenye simu. Nikapanda humu kuizoea kidogo. Nikabonyeza kitu, ikaanza kunguruma mmm, kama paka aliyeshiba. Nikaona kumbe haina ubaya. Nikashuka zangu."



"Mama! Mbona hukusema?"

"Ungeninyima kiti cha dirishani."

Nilicheka mpaka nikachelewa kujibu redio.

Ndugu zangu, betri ikiisha kabisa msiilazimishe. Ichajiwe taratibu, ipimwe, ndipo muiamini. Na kama mna mama mwoga wa ndege, kaeni naye humo ndani azoee. Msimwache peke yake na swichi.