Shingo ya Moyo wa Kondoo

Maabara ilitangaza, kwa karatasi yenye mhuri iliyobandikwa mlangoni, kwamba kuanzia Jumatatu mioyo ya kondoo itaoshwa na mashine, pasipo kuguswa na mkono wa mtu.

Mkono wenyewe ulikuwa wa Bucha. Aliitwa hivyo kwa kuwa alitoka buchani, na kwa miaka tisa alikaa kwenye kigoda kando ya sinki akipitisha maji ya sabuni ndani ya moyo hadi uwe mweupe kama karatasi. Chembe hai hutoka zote, kama wapangaji waliofukuzwa. Kuta hubaki, zikingoja chembe za binadamu zihamie, ili siku moja moyo upandikizwe kwa mgonjwa. Husemwa damu ni nzito kuliko maji. Bucha alijua maji hushinda, ila huchukua siku nne.

Mashine ililetwa na mdogo wake wa tumbo moja, Fundi. Picha ya Fundi ilitoka gazetini, na mama yao akaibandika sebuleni palepale ilipokuwa saa ya ukutani. Sasa Bucha akitaka kujua saa, anakutana na meno ya mdogo wake.

"Kaka, pumzika," Fundi alimwambia. "Wewe tukatie tu, mashine itaosha."

"Nitakata kama mwongozo unavyosema."

"Hapo sawa."

Mwongozo ulisema: tenganisha moyo na mapafu. Haukusema uache mshipa mkubwa urefu wa kidole, kama shingo, ili mrija wa maji ya sabuni upate pa kufungwa. Hilo Bucha alilifanya miaka yote bila kuambiwa wala kushukuriwa. Jumatatu alizikata shingo za mioyo yote sita, akafuta kisu, akangoja.

Mrija ulichomoka. Ukafungwa, ukachomoka. Kufikia saa sita Fundi alikuwa amelowa sabuni mpaka soksi.

"Kaka, mioyo hii haina shingo!"

"Hata mwongozo hauna."

"Haya, umeniweza. Mkurugenzi anakuja saa tisa na mpiga picha. Nifanyeje?"

Bucha alimtazama kwa raha ambayo angependa idumu. Bahati mbaya, akiwa amelowa, Fundi alifanana mno na yule mtoto ambaye Bucha alikuwa akimwogesha karaini.

"Sogea huko," alisema, akachukua sindano na uzi, akaanza kuushonea mrija kwenye ukingo wa mshipa. "Shika hapa. Usivute, hii si kamba ya mbuzi."

Picha ya pili imebandikwa sebuleni kando ya ile ya kwanza: Mkurugenzi, Fundi, na mashine ikifanya kazi. Chini kushoto unaonekana mkono umeshika uzi.