Siku ya Mama Lugano Mjini Kyoto

Watu wengi waliosoma Tukuyu na vijiji vyake wamewahi kupimwa kiuno na Ikupa. Aliwashonea sare za shule, wengine akawashonea nguo za harusi, na sasa anawashonea watoto wao. Cherehani yake ni ileile ya kukanyaga kwa miguu. Iko sokoni, chini ya bati linalovuja upande mmoja, na ingawa magoti yameanza kumsumbua, bado anatoka Mpuguso kila asubuhi kuja kuifunua, isipokuwa Jumapili.

Nyumbani wanamwita Mama Lugano, kwa jina la binti yake wa kwanza. Na Mama Lugano huyu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Dodoma kwenye mahafali ya binti huyo, mwaka jana alialikwa Japani.

Aliyemwalika ni Mwalimu Fumie. Zamani, Lugano akiwa bado anabebwa mgongoni, mkuu wa shule ya sekondari alikuja kumwomba Andongwisye, mume wa Ikupa, chumba cha uani kwa ajili ya mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Andongwisye akakubali akidhani ni mwanamume. Siku ya siku gari likasimama, akashuka msichana mfupi mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, akapiga magoti palepale kwenye tope kuwasalimia. Huko Mbeya mtu alikuwa amemfundisha kwamba wanawake wa Kinyakyusa ndivyo wanavyosalimia.

"Inuka dada," Ikupa alimwambia huku akimshika mkono. "Utaharibu sketi nzuri hivyo."

Fumie alikaa miaka miwili. Alifundisha hisabati, akajifunza kumenya ndizi mbichi akiwa amepaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, akajifunza kulala huku mvua inapiga bati usiku kucha. Alipoondoka walilia stendi mpaka kondakta akawaonea aibu. Baada ya hapo zilikuja barua, kisha kadi za mwaka mpya, kisha kimya cha miaka mingi. Ni Lugano, akiwa sasa mwalimu yeye mwenyewe, aliyemtafuta mtandaoni na kumpata.

"Mama yangu amefariki, nami nimestaafu," Fumie alisema siku walipoonana kwenye simu kwa mara ya kwanza. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha zamani, chenye lafudhi ya wazee wa Mpuguso. "Nyumba ina chumba kitupu, Mama Lugano. Wewe ulinipa chumba. Njoo na mimi nikupe, kabla miguu haijakataa."

Tiketi ikaja. Andongwisye akaikagua kwenye simu ya binti yake, akauliza swali moja tu: "Watakupa ugali huko?" Alipoambiwa watampa wali, akaridhika.

Sasa katika wiki zile za ugeni, ilikuwapo siku moja ambayo Fumie aliitaka kuliko zote. Yeye anaishi nje kidogo ya mji wa Kyoto, mji wenye mahekalu mengi ya kale, na alitaka kumzungusha rafiki yake siku nzima, mahekalu na maduka. Wakaanza kuipanga siku hiyo miezi kabla. Fumie alikuwa akipiga mchana wa Tukuyu, kwao giza limeshaingia. Ikupa alikuwa akiiegemeza simu kwenye kopo la vifungo na kuendelea kushona.

"Tutaanza na hekalu la mlimani," Fumie alisema. "Kiyomizu. Unapanda njia yenye maduka ya vyombo kila upande. Halafu tunashuka kwenye hekalu lenye bustani ya mawe. Halafu soko la chakula. Halafu hekalu la dhahabu. Halafu..."

"Gwe, wewe Mwalimu! Hiyo ni siku moja au ni muhula?"

Fumie akacheka, lakini hakupunguza kitu. Kila alipopiga, siku ile ilikuwa imeongezewa hekalu jingine.

Lakini mipango yenyewe haikuwa inafika mbali. Fumie alikuwa akianza kueleza duka la vitambaa la shangazi yake, jinsi alivyokuwa akilala juu ya majora ya hariri alipokuwa mtoto, halafu anakatiza: "Mama Lugano, geuza simu. Nataka kuona sokoni." Ikupa anageuza simu. "Yule mama wa viazi yuko wapi?" Amekufa siku nyingi. "Na lile duka la Mwarabu lenye kioo kilichopasuka?" Sasa ni pa kutuma fedha kwa simu. "Na chumba changu?" Ikupa akasita. Chumba chake kilikuwa na mifuko ya mbolea ya chai na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele.

"Kipo," alisema. "Dirisha lako lipo. Tulipaka rangi ya kijani."

"Kijani," Fumie akarudia polepole, kana kwamba anakitazama.

Siku nyingine ikawa zamu ya Ikupa kuuliza. Alitaka sana kuliona duka lile la shangazi. Alishaanza kufikiria atanunua nini. "Lilifungwa. Sasa wanaegesha magari pale. Lakini nilikuwa nimelipanga hata hivyo. Nilitaka tupite tu, tusimame kidogo."

"Tutapita," Ikupa alisema. "Na sisi hapa tunasimama penye vitu ambavyo havipo, kila siku."

Kanisani habari zilikuwa zimeenea. Baada ya mazoezi ya kwaya, Hellen, mwenzake wa sauti ya pili, alimshika kiwiko. "Mama Lugano, nasikia unakwenda kuzunguka mahekalu. Wewe mtu wa kamati ya kanisa, utasimamaje mbele ya masanamu?" Alisema kwa utani, lakini hakuwa anatania sana. Neno lile lilimkaa Ikupa kifuani siku kadhaa, mpaka akaenda kwa Mchungaji Asajile, kijana aliyehamishiwa pale karibuni.

Alimkuta kwenye msingi wa kanisa jipya, suruali imejaa vumbi la saruji. Akamweleza.

Mchungaji akakuna kichwa. "Mama, ukienda kwa jirani ukamkuta anasali, unafanyaje?"

"Nanyamaza. Nasubiri amalize."

"Basi nadhani ni hivyo hivyo. Sijui zaidi ya hapo, sijawahi kufika." Kisha akamsogelea. "Ila nina ombi. Nimesikia majengo yao ni ya mbao na yamesimama karne na karne. Nipigie picha paa, kwa chini, pale nguzo zinapokutana na boriti. Fundi wangu hapa ananisumbua."

Ikupa alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

Zikiwa zimebaki wiki chache, Fumie alipiga simu na hakuanza na salamu. Alikuwa amekaa sakafuni, karatasi zimetapakaa mbele yake.

"Mama Lugano, nimekudanganya."

"Umenidanganya nini?"

"Leo nilikwenda kujaribu. Ile njia ya Kiyomizu. Nilitaka kujua tutatumia muda gani. Sikufika hata nusu. Nyonga yangu, Mama Lugano, ni mbovu tangu mwaka juzi. Nilikaa kwenye ngazi ya duka la watu, wanafunzi wakanipita wanakimbia. Nimepanga siku ya mtu wa miaka thelathini." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilitaka uione Kyoto kama nilivyokuwa naiona nikiwa kule kwenu, nikiwa nimelala, mvua inanyesha. Nilikuwa naitembea yote kichwani."

Ikupa aliacha kukanyaga cherehani.

"Unakumbuka Jumamosi yako ya kwanza?"

Fumie akatikisa kichwa kukubali. Angeisahau vipi? Jumamosi ile Ikupa naye alikuwa amepanga. Aliamua kumwonyesha mgeni Rungwe yote kwa siku moja: sokoni Tukuyu kununua kitenge, kisha misheni ya Rungwe kuona kanisa la kale, kisha Igogwe kwa mama yake mzazi, wafike huko chakula kikiwa cha moto. Walikwenda kwa miguu sehemu kubwa. Fumie alikuwa amevaa raba za kitambaa. Mvua iliwakuta katikati, barabara ikageuka utelezi, msichana wa watu akaanguka mara mbili, na mara ya pili hakuinuka. Alikaa palepale akalia kwa lugha yake. Ikupa, mtoto mgongoni, alisimama amemfunika kwa mwavuli, na hakuwa na la kufanya. Hawakufika misheni, wala kwa mama. Walijikongoja hadi kibarazani kwa mtu mmoja aliyekuwa akichoma mahindi, wakakaa hapo na moshi wake mpaka jioni, wakifundishana majina ya vitu.

"Nilikuwa nakuogopa kabla ya siku ile," Fumie alisema. "Nilidhani wewe ni mkali."

"Nilikuwa mkali. Nilikuwa na njaa."

Wakacheka mpaka fundi wa jirani akainua kichwa kuwatazama.

Palepale wakaanza kufuta. Hekalu la mlimani likaondoka. La dhahabu likaondoka. Bustani ya mawe Ikupa aliifuta mwenyewe, akisema mawe yapo Kiwira, yanatosha. Mwisho likabaki hekalu moja, liitwalo Toji, lililo tambarare, karibu na stesheni. Fumie akaeleza kwamba kila mwezi kuna siku ambapo wafanyabiashara hufika na kutandika bidhaa ndani ya uwanja wenyewe wa hekalu: vyombo, kachumbari, miche, nguo kuukuu.

"Ndani ya uwanja wa hekalu?" Ikupa akauliza. "Yaani ni mnada!"

"Ni mnada," Fumie akasema. Neno hilo hakuwa amelitamka kwa miaka mingi, na alilitamka kama mtu anayeonja.

Na siku ilipofika, ilikuwa ya manyunyu. Ikupa alivaa koti la sufu aliloazimwa, kichwani kitambaa chake cha kanisani. Waliingia taratibu, Fumie akiegemea fimbo, Ikupa akimshika mkono wa pili. Miti ilikuwa na majani mekundu ambayo Ikupa aliyatazama kwa mashaka, akidhani ni ugonjwa, mpaka akaelezwa kwamba watu husafiri kutoka mbali kuja kuyaona. Juu ya mahema ya wauzaji ulisimama mnara wa mbao wa ghorofa tano, mweusi kwa umri. Akaupiga picha kwa chini, pale nguzo zinapokutana na boriti, mpaka shingo ikamuuma.

Kwenye hema la nguo kuukuu hawakuondoka upesi. Ikupa aligeuza kila kimono ndani nje. Nyingi zilikuwa zimeshonwa kwa mkono, kwa mishono mirefu iliyolegea, na alipouliza sababu, Fumie akamweleza kwamba zamani nguo ilikuwa ikifumuliwa yote, ikafuliwa vipande vipande, kisha ikashonwa upya.

"Kila ikichafuka?"

"Si kila mara. Lakini bibi yangu alifanya hivyo. Shangazi pia."

Ikupa alikaa na kimono moja ya bluu iliyopauka mkononi, yenye matundu madogo ya sindano mahali ambapo mshono ulikuwa umehama. Mtu fulani alikuwa ameipunguza, kisha mtu mwingine akaiachia. Aliinunua. Muuzaji, mama mtu mzima, aliongeza leso bila kuombwa, na Ikupa akaipokea kwa mikono miwili huku akikunja goti kidogo kwa mazoea ya kwao. Yule mama akainama zaidi yake.

Ndani ya jumba kuu palikuwa na giza na harufu ya ubani. Ikupa alisimama nyuma, karibu na mlango. Mbele yake mwanamke mzee alikuwa ameunganisha viganja, macho amefumba, na miguuni pake mfuko wa soko wenye vitunguu vya majani vilivyochomoza. Midomo yake ilikuwa inacheza. Ikupa akanyamaza, akasubiri. Alijikuta anamfikiria mama yake mwenyewe, ambaye Jumamosi alikuwa akipitia kanisani na kikapu chake cha mboga na kukiweka hivyohivyo, katikati ya miguu, asije mtu akakichukua hata mbele za Mungu. Hakuwa amemkumbuka kwa namna ile muda mrefu. Machozi yakamjia, akayaacha.

Duka la shangazi walilipitia kwa basi. Fumie alinyoosha kidole dirishani: magari, mashine ya kuuza vinywaji, ukuta. Wakatazama mpaka basi likapinda kona.

"Majora yalikuwa upande gani?" Ikupa akauliza.

"Kushoto. Mpaka juu darini."

Hewa ya joto ndani ya basi iliwalegeza. Haukupita muda Fumie akasinzia, kichwa kikamwangukia Ikupa begani, fimbo ikateleza na Ikupa akaidaka kwa mguu. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikitangaza vituo, na kila jina lilifanana na lililotangulia. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha kwao. Ikupa angeweza kumwamsha. Alitazama nywele zile nyeupe, akatazama nje ambako taa zilianza kuwaka juu ya barabara yenye maji, akamwacha alale.

Mwisho wa njia basi likazima injini. Dereva akaja mpaka kwenye kiti chao, kofia mkononi, akasema jambo kwa upole. Fumie akafumbua macho na kutazama nje.

"Mama Lugano, tuko wapi?"

"Mimi nitajuaje?" Ikupa alisema. "Huku ni kwenu."