Midoli Yenye Sura za Watu

Mama mdogo wangu hawezi kushona mdoli usio na sura ya mtu. Nimemwambia mara chungu nzima ashone macho, pua na mdomo, basi, kama midoli ya watu wengine. Anajaribu. Anajaza pamba, anakaza shingo kwa uzi, anainamia kazi yake kimya, na ukija kuchungulia baadaye unakutana uso kwa uso na mwenye nyumba wetu, na zile nyusi zake zinazotangulia kuingia mlangoni kabla ya mwenyewe.

Zamani alikuwa fundi wa kushona foronya kwenye karakana ya magodoro. Karakana ilipofungwa, wenzake walibeba mikasi na vitambaa vya maana. Yeye akabeba magunia ya vipande ambavyo hata kudekia havifai. Nilimcheka sana. Akaviweka chini ya kitanda, akasogeza cherehani dirishani, na kabla sijamaliza kucheka mtoto wa jirani alikuwa na mdoli.

Ana taratibu zake. Mdomo hushonwa mwisho. Kabla ya hapo anamsengenya mwenye sura: alivyomjibu kisimani, alivyopita bila salamu, alivyovaa harusini. Umbea ukiisha ndipo anashika uzi mwekundu. "Nikimpa mdomo mapema atanijibu," huwa anasema, na hasemi kwa utani.

Kilichonichoma roho ni kwamba aligawa bure. Ndugu walikuja mikono mitupu, wakaondoka na mdoli kwapani, wengine hata maji ya kunywa hawakumchotea. Mimi ni msusi. Hakuna ndugu aliyewahi kusukwa bure kwenye kiti changu mara mbili. Siku moja nikachukua mdoli mmoja, nikaupeleka kwenye duka la zawadi lililo karibu na saluni yangu. Mwenye duka ni mama asiyecheka hovyo. Aliutazama, akacheka mpaka akavua miwani. Akauweka dirishani, na sikuwa nimemaliza kichwa nilichokuwa nakisuka akaja kuniambia umeshanunuliwa.

Jioni hiyo nikamwekea mama mdogo sheria. Kuanzia leo hakuna cha bure, awe ndugu, awe nani.

"Hata wewe?" akauliza.

"Hata mimi."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. Alijua kuna kitu kimoja nilichokuwa nakitaka kuliko vyote, nacho ni anishonee mama yangu. Mama alikuwa dada yake mkubwa. Alituachia picha moja tu ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu aliyesingiziwa wizi, na mama hakuwa hivyo hata kidogo. Nilishamwomba mama mdogo mpaka nikachoka. Kila mara alianza, akafika machoni, akafumua. "Mkono unakataa," alisema. Mwisho nikaacha kuomba, lakini hamu haikuacha.

Biashara ikashika. Alinunua cherehani ya pili, akamwajiri jirani wa kujaza pamba, bati lililokuwa linavuja likabadilishwa. Nilikuwa natembea barabarani kifua mbele utadhani nimeshona mimi. Kisha muuza nyama wa mtaani akapita mbele ya duka la zawadi, akajiona dirishani.

Alikuja uani na aproni yake, kisu amekisahau mkononi.

"Mama," akasema taratibu, "nimejiona dukani. Nina bei."

"Bei nzuri lakini," mama mdogo akamjibu.

"Bei sina neno nayo. Ila mmeniketisha na fundi viatu. Mimi na yule hatusalimiani."

Yeye aliondoka anacheka. Mke wa mwenye nyumba hakucheka. Alisimama mlangoni, akatuambia pua ya mumewe ikionekana tena dukani tutafute pa kuhamia. Hapo nikapata joto. Nikampiga marufuku mama mdogo kushona uso wowote wa mtaani. Alibaki ameduwaa na sindano hewani.

"Sasa nishone nani?"

"Shona mtu asiyeweza kulalamika," nikamwambia, nikaenda zangu kazini.

Wiki kadhaa zikapita bila mtu kuja kugomba. Midoli ilitoka nyumbani kwenye gunia ikiwa imeshafungwa kwenye karatasi, jirani anaipeleka dukani, nami nina vichwa vya kusuka. Sikufungua hata mmoja. Siku moja niliingia dukani kutafuta chenji tu.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye rafu, kati ya vikombe na fremu za picha.

Jicho la kushoto limelegea kidogo, kama lilivyokuwa. Kilemba kimefungwa nyuma, ncha moja imeachwa ining'inie shingoni. Na mdomo, ule mdomo wa mama, umebanwa kwa nguvu kama wa mtu anayezuia kicheko mbele ya wageni. Nikaketi juu ya katoni ya sabuni.

"Huyo ndiye anayependwa," mwenye duka akaniambia kutoka kwenye kaunta, wala hakuona hali yangu. "Kila nikiletewa wanaisha. Huyo ndiye aliyebaki."

Kabla sijasimama, mwanamke mmoja alinyoosha mkono akamchukua, akamlipia kwenye kaunta, akampa bintiye. Mtoto akamshika mguu, kichwa chini.

"Huyo hauzwi," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Nimeshamlipia, dada," mwanamke akajibu kwa upole, akadhani nina wazimu kidogo. Nikawafuata mpaka mlangoni. Mtoto akaficha mdoli nyuma ya mgongo, akanikodolea macho. Ningefanya nini, nimnyang'anye mtoto? Nikawaacha wakaenda naye.

Niliacha mteja saluni na nusu ya kichwa wazi, nikaenda nyumbani. Mama mdogo alikuwa kwenye cherehani. Sikumwamkia.

"Umemuuza mama."

Akazima cherehani. "Nani?"

"Mama. Yupo dukani, wamemnunua, wamemnunua wengi. Miaka yote nakuomba mkono unakataa, kumbe kwa wateja unakubali."

"Mwanangu, sijamshona dada. Haki ya Mungu sijamshona."

"Nimemwona kwa macho yangu. Jicho lile, mdomo ule. Mama yangu mwenyewe nisimjue?"

Akapeleka mkono mezani, akageuza kioo kidogo cha kunyolea ndevu kilichokuwa kimeegemezwa kwenye cherehani. Sikuwahi kukiona pale.

"Ulisema nishone mtu asiyeweza kulalamika," akasema. "Nikajishona mimi."

Nikainua uso kumtazama. Ninaishi naye, namsuka kila nywele zikichakaa, lakini msusi humwona mtu kwa nyuma. Kisogo chake nakijua kuliko uso wake. Sasa nilikuwa nautazama kwa mbele, mwanga wa dirisha umempiga, na jicho la kushoto lilikuwa limelegea. Mashavu yameshuka. Kilemba kimefungwa nyuma. Nikarudi nyuma hatua moja kana kwamba kuna mtu mwingine ameingia chumbani. Mama alikuwa amekaa mbele yangu na miwani ya kushonea, na sijui alikuwa amekaa hapo tangu lini.

Mama mdogo naye akachukua kioo. Alijiangalia muda mrefu, akashika shavu, akalivuta, akaliachia.

"Umri huu ndio aliokuwa nao dada alipoondoka," akasema. "Mimi nilidhani nimezeeka tu."

Akaanza kulia, nami nikalia, kisha akajicheka katikati ya kilio. "Na nilivyojisengenya humu ndani. Kumbe namsema dada wa watu."

Juu ya meza kulikuwa na mdoli mmoja umelala, macho tayari, kilemba tayari, bado mdomo. Nikauchukua nikaukumbatia.

"Huyu nipe mimi."

"Lipa," akasema, na machozi bado yako shavuni. "Sheria uliiweka mwenyewe."

Nikatoa pesa nikaziweka mezani. Hakunipunguzia hata senti. Akazitia kwenye kopo lake, akauchukua mdoli kutoka mikononi mwangu, akauweka magotini. Akaanza kuuambia mambo kwa sauti ya chini, mambo ya utoto wao, gauni walilokuwa wanavaa kwa zamu, hasira fulani ambayo hawakuwahi kuimaliza. Mengine sijawahi kuyasikia. Giza likaanza kuingia, uzi mwekundu umekaa tu kwenye vidole vyake, nikamuuliza mbona hashoni mdomo.

"Subiri," akasema. "Huyu nina mengi naye."