Niliiponda Sehemu ya Pili Kabla Sijaitazama

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma katikati ya maelezo. Kuna mama mmoja wa Kansay, mtu mzima, mwanakwaya, ameacha kuimba kanisani kwa sababu ya mdomo wangu. Na kosa lake lilikuwa nini? Kuigiza sinema. Tena aliigiza vizuri!

Mimi ni Mmaasai wa kijiji cha Arash. Nilikuja Karatu kijana tu, nikapata kibarua cha kuosha magari ya watalii. Sikuwa na ndugu hapa mjini. Aliyenipokea ni Bura, Mwiraqw, tuliyekuwa tunaosha naye magari. Akanipeleka kwao Kansay, mama yake akanipa kitanda na sahani, wala hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Nikawa namwita yeyo, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kimaasai. Alikuwa anafurahi sana nikimwita hivyo.

Sasa Bura alikuwa na wazimu wa sinema. Akapata kamera kuukuu, akakusanya vijana, tukatengeneza sinema ya ngumi na vichekesho. Tukaiita Ng'ombe wa Afande. Afande ni mimi. Nimeibiwa dume langu, nawasaka wezi, nawapiga mitama, natumbukia kwenye pipa la maji machafu. Basi! Karatu ilicheka mpaka basi. Ikaonyeshwa kwenye mabanda ya video, ikazunguka kwenye simu. Nikipita sokoni nasikia, "Afande! Afande!"

Kichwa kikavimba, jamani. Nikaanza kuvaa miwani ya jua hata siku za ukungu.

Baada ya muda Bura akaja na hadithi ya sehemu ya pili. Humo Afande anatekwa na wezi mwanzoni kabisa, anafungwa kamba kwenye banda la mbuzi, na mama yake anatoka shambani kwenda kumwokoa. Na huyo mama aigizwe na nani? Yeyo mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi nafanya nini?" nikamuuliza.

"Unakaa bandani umefungwa. Mwishoni unaokolewa."

"Na bibi?"

"Na mama yako, ndiyo! Hapo ndipo watu watavunjika mbavu."

Weee! Mimi, moran, niliyepita jandoni bila kupepesa jicho, nikaokolewe na mama mwenye mwiko wa ugali, halafu watu wa Arash waone? Nikamwambia Bura atafute mbuzi amfunge, mimi simo. Nikaondoka nimefura.

Lakini leo niseme ukweli. Huo umoran ulikuwa kisingizio. Nilishikwa na wivu. Niliona sinema inatoka mikononi mwangu inaenda kwa yeyo, mwanamke aliyenilisha, nikaumia roho.

Wakaendelea bila mimi. Wakachukua kijana mwingine, wakamvika gunia kichwani ili watazamaji wasijue kuwa siyo Afande yule wa kwanza.

Siku ya kuonyeshwa ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka ibadani. Banda likajaa. Wanakwaya wenzake yeyo walikaa mabenchi ya mbele na yeye katikati yao. Mimi nikaja nikasimama mlangoni. Watu waliponiona wakanipisha, wakanipigia makofi. Walidhani nimekuja kuwaunga mkono wenzangu.

Haikufika hata dakika ya kumi. Kwenye sinema wezi wanakimbia na pikipiki, yeyo anawafukuza kwa mkokoteni wa punda. Punda anasimama kula majani. Yeyo anashuka, anashika kiuno, anaanza kubishana na punda kama vile anabishana na jirani. Banda zima likaanza kucheka.

Kile kicheko kilinichoma! Nilizoea kuchekewa mimi. Nikapaza sauti:

"Jamani, hii sehemu ya pili imekufa kibudu! Haifai hata kupewa mbwa! Twendeni zetu!"

Ooh, walicheka kweli, lakini sasa walicheka neno langu. Afande mwenyewe kasema! Akainuka mmoja, wakainuka watatu, mara benchi zima. Mimi nikawa wa kwanza kutoka nje. Niligeuka mara moja tu. Bura alikuwa anahangaika kuongeza sauti ya runinga. Yeyo alikuwa ameangalia mbele, hakugeuza shingo.

Nilijisikia mshindi, Mungu anisamehe. Nililipiwa soda na watu wawili.

Neno lile likatembea kuliko sinema yenyewe. Chai ikipoa, imekufa kibudu. Gari likigoma kuwaka, limekufa kibudu. Watoto wakamwona yeyo anauza mbaazi sokoni, wakaanza kuimba, "Bibi kibudu! Bibi kibudu!" Akaacha kuja sokoni. Halafu akaacha kwaya. Bura akauza kamera, akahamia Arusha, na mpaka leo hapokei simu zangu.

Na mimi? Wala sikushtuka. Nikapata leseni, nikawa dereva wa watalii, nikasahau.

Asubuhi moja nipo geti la Ngorongoro tunasubiri vibali, baridi kali, ukungu umefunika kila kitu. Dereva mmoja wa Arusha alikuwa ndani ya gari lake anacheka peke yake, machozi yanamtoka, simu mkononi. Akaniita, "Njoo uone huyu bibi, aisee!"

Nikaangalia. Alikuwa ni yeyo na punda wake.

Nilikaa kwenye lile gari nikaitazama yote. Nakwambia, ile sinema ni nzuri! Ya kwanza haiifikii. Kwenye ya kwanza mimi naanguka anguka tu kama mlevi. Hii ina akili. Yeyo anapigana na wezi wanne kwa mwiko wa ugali, na kila akimpiga mmoja anamuuliza ni mtoto wa nani. Mwishoni anafika bandani, anamfungua kijana wake, anamvua gunia nusu, na kabla hajamkumbatia anamzaba kibao: "Nilikwambia uvae sweta!" Halafu anakaa chini kwenye samadi, anahema, anamshika mkono mwanawe. Nilicheka, kisha nikajikuta nalia. Niliona jinsi alivyokuwa akinishika mkono nilipougua malaria nyumbani kwake.

Yule dereva akaniuliza, "Wewe si wa Karatu? Huyu mama ni nani?"

Nikasema simjui.

Eeh, nilisema hivyo! Aibu ilinibana, ningeanzaje kumweleza?

Tangu siku hiyo nimekuwa mtetezi. Kijiweni kwa bodaboda naitetea, kwenye magrupu ya simu naitetea, hata saluni naitetea. Jibu ni moja: "Si wewe uliyesema imekufa kibudu?" Wanacheka, wanaendelea na mambo yao. Kuna mmoja nilimkunja shati tukaamuliwa. Maneno yangu mapya hayajamfanya hata mmoja aitazame. Yale ya zamani waliyapokea mara moja.

Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda Kansay. Nilimkuta yeyo uani anapepeta mbaazi, amepungua. Nikampa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Jamani! Afadhali angenitukana.

Nikapiga magoti palepale kwenye makapi. "Yeyo, nimekuja kuomba msamaha. Siku ile sikuwa nimeitazama. Nilisema kwa wivu. Sasa nimeitazama yote, ni nzuri kuliko ya kwanza."

Aliendelea kupepeta. Baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi?"

"Wewe ndiye uliyeibeba, yeyo. Umenizidi mimi mbali."

Nikatoa simu nimwonyeshe, maana siku ile sinema ilikatizwa watu walipotoka, na yeye mwenyewe hajawahi kuona mwisho wake. Akausogeza mkono wangu pembeni.

"Ungeniambia siku ile," akasema. "Siku ile nilitaka sana kusikia. Sasa nimeshazoea."

Akaingia ndani akaniletea makande. Nilikula nikiwa nimeinamisha uso. Kunisamehe alinisamehe, alisema hivyo kwa kinywa chake. Lakini kwaya hajarudi.

Ndugu yangu unayesoma hapa, wivu unamshika kila mtu. Ukikushika, jifungie chumbani upambane nao hukohuko. Usiutoe mbele za watu ukauita ukweli, hasa kama watu wanakuamini. Mimi leo nazunguka Karatu najitangaza muongo mchana kweupe, na bado wanamwamini yule wa siku ile.